Tramu Iitwayo Tamaa: Nani Atamsadiki Blanche?

Wakati wa vakansi iliyopita mwanaseminari mmoja wa kalasi ya Filozofia alinijia na kitabu kidogo mkononi. Akaniuliza: « Padri, wanatuambia kwamba kitabu hiki ni kikubwa katika teatri ya siku hizi. Nimekisoma mpaka mwisho, na ndani yake nimekuta ulevi, uzinzi, mapigano na wazimu. Je, inafaa mtu anayejitayarisha kwa upadri asome mambo ya namna hiyo? » Kitabu kile ni mchezo wa Mmarekani Tennessee Williams, *A Streetcar Named Desire*. Wafaransa wanauita *Un tramway nommé Désir*, nasi tutauita « Tramu iitwayo Tamaa ».

Siku ile nilimjibu kwa kifupi, na jibu langu halikunirizisha mimi mwenyewe. Ndiyo sababu ninaandika kurasa hizi. Swali lake si jipya. Mtakatifu Agustino, katika kitabu cha tatu cha Maungamo yake, anasimulia namna alivyopenda teatri alipokuwa kijana huko Kartago. Aliwalilia watu wa kubuniwa jukwaani, akapendezwa na machozi yake, na huruma ile haikumtuma kumsaidia mtu yeyote. Hapo ndipo hatari ilipo: kulia vizuri, kisha kurudi nyumbani bila kubadilika. Basi, ndugu msomaji, tuupime mchezo huu kwa kipimo cha Agustino. Je, machozi yake ni ya bure, ao yanatufungua macho?

I. Mwandishi na hadisi yake

Thomas Lanier Williams, aliyejipa jina la Tennessee, alizaliwa mwaka wa 1911 katika mji wa Columbus, jimbo la Mississippi, kusini ya Marekani. Babu yake, mzaa mama, alikuwa mchungaji wa kanisa la Episkopali, lililo la jamaa ya Waanglikana. Baba yake aliuza viatu akitembea mji kwa mji, naye alikuwa mtu mkali na mlevi. Dada yake Rose alipata ugonjwa wa akili; mwaka wa 1943 waganga walimpasua ubongo, na nyuma ya siku ile hakuwa tena yule wa zamani. Williams alibeba huzuni hiyo maisha yake yote. Mwaka wa 1969 alipokelewa katika Eklezia Katolika, na mwaka wa 1983 alikufa New York. Simfanyi mtakatifu, maisha yake yalikuwa na fujo nyingi. Lakini aliandika kama mtu aliyeona ndani ya nyumba yake mwanamke zaifu akiamuliwa na wengine.

Mchezo wake ulionyeshwa New York mara ya kwanza tarehe 3 Desemba 1947, ukiongozwa na Elia Kazan. Ulichezwa mara 855, na mwaka wa 1948 ukapata tuzo la Pulitzer. Mwaka wa 1949 Jean Cocteau aliutengeneza kwa Kifaransa, na huko Paris Arletty alicheza sehemu ya Blanche.

Hadisi yenyewe ni hii. Blanche DuBois, mwalimu wa luga ya Kiingereza, anafika New Orleans kwa mdogo wake Stella. Nyumba ya wazazi wao huko Mississippi, jina lake Belle Reve, imepotea kwa madeni. Stella ameolewa na Stanley Kowalski, mtoto wa Wapolandi, aliyekuwa askari katika vita, mtu wa nguvu na wa karata. Wanakaa katika vyumba viwili, na kati ya vyumba kuna pazia tu. Blanche anadumu pale miezi kazaa. Mitch, rafiki ya Stanley, anataka kumwoa. Lakini Stanley anachunguza maisha ya shemeji yake, anapata habari mbaya, anaharibu ndoa ile. Usiku ule Stella anapokuwa hospitalini kuzaa mtoto, Stanley anamnajisi Blanche kwa nguvu. Majuma kazaa nyuma yake, daktari na mlinzi wa kike wanakuja kumpeleka Blanche katika nyumba ya wenye wazimu.

II. Tamaa

Mbele ya kufika kwa mdogo wake, Blanche alipanda tramu iitwayo Tamaa, kisha nyingine iitwayo Makaburi, akashuka katika njia iitwayo Elysian Fields, ni kusema mashamba ya heri ambako Wayunani walizani roho za wafu zinapumzika. Mtu atafikiri kwamba mwandishi alibuni majina haya. Hapana. Tramu ya *Desire* ilitembea kweli New Orleans tangu 1920 mpaka 1948, na njia ya Elysian Fields ipo hata leo. Williams aliokota tu lililoandikwa mbele ya macho ya kila mtu: anayepanda tamaa peke yake, bila mwendeshaji mwingine, kituo kinachofuata ni makaburi.

Lakini tusiseme upesi kwamba mchezo unafundisha tamaa ni zambi. Mtakatifu Toma anatufundisha kwamba maono ya moyo, kwa yenyewe, si mema wala mabaya. Yanakuwa mema ao mabaya kadiri yanavyotii akili na utashi. Blanche alianza kwa mapendo ya kweli. Akiwa bado msichana aliolewa na kijana mpole, Allan, mtunga mashairi. Siku moja alimkuta na mwanaume mwingine. Siku ile ile, walipokuwa wakicheza dansi, alimwambia usoni kwamba anamchukiza. Kijana alitoka inje akajiua kwa bastola. Tangu siku ile Blanche anasikia ndani ya kichwa chake muziki wa dansi ile, mpaka mlio wa bastola uukatize.

Kisha wazee wa nyumba yake walikufa mmoja mmoja, naye aliwauguza na kuwazika. Katika nyumba ile ya mauti alitafuta tamaa kama mtu anayetafuta moto wakati wa baridi. Alipokea askari, alipokea wageni katika hoteli mbaya, na mwisho alimshika mwanafunzi wake wa miaka 17. Hapa msomaji mwenye huruma asifumbe macho. Mwalimu anayemtumia mwanafunzi wake ametenda ovu kubwa, na hakuna huzuni inayoligeuza ovu hilo kuwa kitu kidogo. Mwandishi mwenyewe hafichi: katika onyesho la 5 tunamwona Blanche akimbusu kijana aliyekuja kudai feza za gazeti, kisha akijizuia. Kwa hiyo mchezo hautuombi tumsadiki Blanche kwa sababu ni mtu safi. Shika neno hili, litatufaa mbele.

III. Mawazo ya uongo

Silaha ya Blanche ni giza. Amenunua kifuniko cha karatasi cha rangi, kimefungwa juu ya taa, hataki mtu amwone katika mwangaza mkali. Anadanganya juu ya umri wake, anaficha ulevi wake, anangojea tajiri mmoja wa Dallas aje kumwokoa. Tena anaoga, anaoga kila siku, saa nzima, hata katika joto kali. Sisi mapadri tuangalie maji haya. Mtu anayeoga mara nyingi namna ile anatafuta usafi ambao sabuni haiwezi kuuleta. Ni kiu ya Ubatizo kwa mtu asiyejua tena mlango wa kisima uko wapi.

Uongo huu haukuanza kwa Blanche, aliurizi. Tunaosoma Kifaransa tutaona mara moja kwamba jina « Belle Reve » limeharibika. *Rêve*, ndoto, ni neno la kiume, wala haliwezi kuitwa *belle*. Jamaa ile iliandika kosa juu ya mlango wake ikajivuna nalo. Tena Mwafrika anayesoma atauliza swali ambalo Blanche hajiulizi hata mara moja: nyumba kubwa za namna ile, zenye nguzo nyeupe, katikati ya mashamba ya Mississippi, zilijengwa na mikono ya nani? Jibu tunalijua: mpaka mwaka wa 1865 mashamba yale yalilimwa na watumwa weusi. Blanche analia nguzo nyeupe tu. Anakiri kwamba babu zake walimaliza mali kwa uasherati wao. Lakini mali ilitoka wapi, hasemi. Kifuniko cha karatasi kilifungwa juu ya taa ya jamaa ile miaka mingi mbele yeye hajazaliwa.

IV. Ungamo mara mbili

Katikati ya uongo huu Blanche anasema ukweli mara mbili kwa Mitch, na nazani hapa ndipo padri atakapousoma mchezo vizuri kuliko wachambuzi wengine.

Mara ya kwanza, katika onyesho la 6, anamsimulia kifo cha Allan na neno lile kali alilomwambia. Ni ungamo kweli: hajitetei, anataja kosa lake kwa jina. Mitch anamkumbatia. Muziki wa kichwani unanyamaza, na Blanche anamtaja Mungu, kama mtu aliyeshangaa kumwona amefika upesi.

Mara ya pili, katika onyesho la 9, Mitch amekwisha kusikia habari zote kwa Stanley. Amekunywa pombe. Anararua kifuniko cha karatasi, anawasha taa, anamtazama. Na Blanche, akiisha kushindwa, anasema yote: hoteli, wageni, mwanafunzi. Inje mwanamke wa Meksiko anapita akiuza maua ya wafu. Hili ni ungamo kubwa kuliko la kwanza, kwani safari hii anasema lile linalomwaibisha kabisa. Na anapata nini? Mitch anataka kumshika mwili, akidai kile alichonyimwa miezi yote. Kisha anamwambia kwamba yeye si safi vya kutosha kuingia katika nyumba ya mama yake.

Ndugu zangu, tutazame vema. Mitch si mtu mbaya. Anampenda mama yake mgonjwa. Ni mpole kuliko wenzake wote. Anachotaka ni ukweli, na anayo haki kuudai, kwani alidanganywa. Lakini aliuwasha mwangaza bila huruma, na mwangaza ule haukumponya mtu. Aliyeungama aliondoka na aibu mbili, ile ya zambi zake na ile ya kukataliwa. Kila padri aliyepata kuchoka katika kiti cha kitubio, akamjibu mtu kwa haraka na kwa ukali, ajiangalie katika kioo hiki.

V. Jeuri

Jeuri ya Stanley haianzi usiku ule wa mwisho. Inaingia pole pole, na tena inachekesha. Katika dakika za kwanza anamrushia bibi yake furushi la nyama yenye damu, na bibi anacheka. Katika onyesho la 2 anafungua sanduku la Blanche na kutawanya nguo zake, akitaja Sheria ya Napoléon, ambayo anasema inafuatwa katika jimbo la Louisiana: mali ya bibi ni mali ya bwana yake. Sheria ya 1804 ndiyo mama ya sheria ambazo Ubelgiji ulizirizi. Kwa hiyo msomaji wetu ataitambua sauti ile. Jeuri inapenda kuvaa nguo ya haki. Katika onyesho la 3, usiku wa karata, anatupa redio kwa dirisha na kumpiga bibi yake mwenye mimba. Stella anakimbilia kwa jirani. Stanley anasimama chini akilia na kuita. Stella anashuka, anamrudia. Asubuhi anamwambia dada yake kwamba si kitu. Siku ile ya kwanza mlango ulifunguka kwa mengine yote.

Lakini jeuri ya Stanley ina upande mwingine, nao ni mgumu kuuona: Stanley anasema kweli. Yote anayomshitaki Blanche ni kweli, aliuliza, akahakikisha. Siku ya kuzaliwa kwa Blanche anampa zawadi, nayo ni tikiti ya gari la kumrudisha katika mji uliomfukuza. Ukweli umekuwa fimbo mkononi mwake. Anayeuchukua ukweli ili avunje, huyo amekwisha kuuharibu, hata kama kila neno lake ni sawa. Na usiku wa onyesho la 10, Blanche akiwa na chupa iliyovunjika mkononi, ule ukweli wake wote unaonekana ulikuwa njia tu ya kufika pale.

Wachambuzi wa wakati ule waliona kwamba Marlon Brando, aliyecheza Stanley, alipendeza mno hata watazamaji wakacheka pamoja naye na kumchukia Blanche. Wengine wanasema hili ni kosa la mchezo. Mimi naona ni mtego uliotegwa vizuri. Anayecheka pamoja na Stanley katika onyesho la 2, atajiuliza katika onyesho la 10 alicheka nini.

VI. Uongo mkubwa kuliko wote

Sasa tumefika penye neno ninalotaka kulisema. Watu wengi wanasema: Blanche ni mtu wa ndoto, Stanley ni mtu wa mambo ya kweli, na mwisho ukweli unashinda ndoto. Nazani mchezo unasema kinyume chake.

Katika onyesho la 11, Blanche amemwambia mdogo wake lile Stanley alilomtendea. Stella anamkiri jirani yake Eunice kwamba hakuweza kusadiki habari ile na kuendelea kukaa na Stanley. Eunice anamjibu asiisadiki, kwani maisha lazima yaendelee. Angalia: Stella hasemi kwamba habari ni ya uongo. Anasema kwamba akiisadiki hana mahali pa kukaa. Ana mtoto mchanga, hana feza zake mwenyewe, anampenda bwana yake. Basi anachagua kutosadiki. Mwongo wa mchezo mzima, siku aliyosema ukweli mkubwa kuliko yote, alihesabiwa kuwa na wazimu. Na wale waliorarua kifuniko chake cha karatasi sasa wanamfungia kingine: wanamwambia kwamba anakwenda kupumzika mashambani, wakijua anazani yule tajiri wa Dallas ndiye anayekuja. Nyumba nzima imewekwa katika giza, na walioliweka ni wale waliojiita watu wa kweli.

Williams amefanya hapa kazi ya fundi. Muziki wa Allan na mlio wa bastola, ni Blanche tu anayeusikia, na sisi watazamaji. Usiku wa onyesho la 10, Stella hakuwapo, Mitch hakuwapo, sisi tulikuwapo. Kwa hiyo sisi ndio mashahidi ambao Blanche hana. Tunajua, na hatuna kinywa. Machozi ya namna hii si yale ya Kartago, kwani yanamwacha mtazamaji na deni.

Hapa nitataja jambo linalotuhusu sisi Wakatoliki. Mwaka wa 1951 Elia Kazan alitengeneza sinema ya mchezo huu, Vivien Leigh akicheza Blanche. Wakubwa wa sheria za sinema huko Hollywood walidai mwenye jeuri apate azabu. Basi mwishoni mwa sinema Stella anachukua mtoto wake akisema hatarudi ndani. Kisha chama cha Wakatoliki wa Marekani kilichopima sinema, *Legion of Decency*, kilitaka kuikataza, na wenye sinema wakakata karibu dakika nne. Vipande vile vilirudishwa mwaka wa 1993. Siwacheki ndugu zetu wale. Walikuwa na shuguli ya roho za vijana, na shuguli hiyo ni yetu pia. Lakini tuseme wazi kilichopatikana. Katika mchezo wa kweli Stella anabaki, analia, na Stanley anampigia magoti akimbembeleza. Meza ya karata inaendelea. Kwa kubadilisha mwisho, watu wa sinema waliondoa zambi kubwa kuliko ile ya mwili: zambi ya nyumba inayojua na inayonyamaza. Walitaka kulinda adili, wakaficha mahali pale adili inapovunjika. Hicho nacho ni kifuniko cha karatasi juu ya taa.

Kitabu kitakatifu hakikuficha hivyo. Tunasoma katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 13, namna Amnoni, mwana wa Daudi, alivyomtamani dada yake Tamari, akajifanya mgonjwa, akamnajisi kwa nguvu, kisha akamchukia na kumfukuza. Tamari alirarua kanzu yake akalia njiani. Kaka yake Absalomu alimwambia anyamaze, kwa kuwa Amnoni ni ndugu yake. Daudi alikasirika, lakini hakufanya kitu. Tamari alibaki katika nyumba ya Absalomu kama nyumba tupu. Tamaa, jeuri, na jamaa inayofunika: yote matatu yamo. Na tunda la kunyamaza kwa Daudi tunalijua: miaka miwili nyuma yake Amnoni aliuawa, na kisha vita viliingia katika nyumba ya mfalme. Kama mezali isemavyo, mficha marazi kilio humfichua.

Katika kitabu cha Danieli, sura ya 13, tunasoma kinyume chake. Wazee wawili wenye heshima walimshitaki Suzana. Watu wote wakawasadiki kwa sababu ya cheo chao. Kijana Danieli peke yake alisimama, akaomba mashahidi waulizwe tena, kila mmoja mbali na mwenzake. Danieli hakutoa machozi tu, aliuliza. Mtu wa namna hiyo hayumo katika mchezo wa Williams. Na kukosekana kwake ndiko kunakoufanya uwe trajedia.

VII. Lililo letu

Je, hakuna nuru hata kidogo? Ipo, lakini ndogo. Siku ile ya mwisho Blanche anasikia kengele za katedrali, anasema ndizo kitu safi peke yake katika mtaa ule. Anachagua nguo ya samawati, rangi ya vazi la Mama Bikira katika picha za zamani. Ni wazi kwamba mwandishi, miaka zaidi ya makumi mbili mbele ya kupokelewa katika Eklezia, alikuwa akisikiliza kengele zile. Halafu mlinzi wa kike anamshika Blanche kwa nguvu mpaka sakafuni. Daktari anavua kofia yake, anamwita kwa heshima, anaamuru aachiliwe, anampa mkono. Mgeni asiyemjua alimfanyia adabu ambayo jamaa yake walimnyima. Kengele zinalia mbali. Hakuna aliyetoka katika katedrali ile kuja kwenye nyumba ya Kowalski.

Neno hilo ndilo linalonichoma. Sisi wa Kongo ya mashariki, tangu vita vya 1996, tumesikia habari nyingi za wanawake walionajisiwa, na tumejifunza kuwasadiki, hasa pale mtenda mabaya ni askari wa mbali. Lakini akija mwanamke ao msichana akasema kwamba ni shemeji, ni baba mdogo, ni mwalimu, ni mtu wa mkutano wa parokia anayetoa zaka kila mwezi, ao hata mmoja wetu sisi wenye kanzu, mara mioyo yetu inaanza kutafuta sababu. Tunauliza anavaa namna gani, alikunywa nini, zamani alikuwa mtu wa namna gani. Tunasema mambo ya nyumba yamalizwe nyumbani, kwa masikilizano, kwa mbuzi mmoja na bia. Tunasema maisha lazima yaendelee. Eunice alisema hivyo hivyo.

Kwa hiyo nilisema juu: Blanche si mtu safi. Alidanganya, alizini, alimkosea mwanafunzi wake. Na bado, usiku ule, alisema kweli. Tukimsadiki mwenye kuteswa kwa sababu tu hana doa, tutamsadiki Suzana, na Blanche tutamwacha apelekwe. Makatekista, ninyi mnaoketi karibu na watu kuliko sisi, mtu wa namna hiyo atakuja kwenu mbele ya kuja kwa padri. Msimwulize kwanza juu ya zambi zake. Mahali pa zambi zake ni kitubio, na siku yake itafika. Siku ile msikilizeni mpaka mwisho, mwe mashahidi wake, msimrudishe katika nyumba ile ile bila kuuliza, mkamfikishe kwa mganga na kwa mwamuzi.

Nimjibu sasa mwanaseminari wangu. Mtoto wa kalasi za chini asipewe kitabu hiki. Kila chakula na umri wake. Lakini wewe, ndugu yangu, unayekaribia siku ya kusikiliza maungamo ya watu, kisome tena. Safari ya kwanza ulihesabu zambi za Blanche, na hesabu yako ilikuwa sawa, kama ya Stanley. Safari ya pili, fika katika onyesho la 11, simama karibu na Stella mbele hajamjibu dada yake, na ujiulize ungesema nini.